Mashine Moja, Wodi Nzima: Mafunzo Niliyopata Nikifuatilia Moyo wa Mgonjwa

Vijana wanaohitimu uuguzi na utabibu huku Rombo hunitembelea nyumbani Mkuu, na swali lao la kwanza huwa lile lile: "Mama, lini wodi zetu zitapata monita za kutosha?" Nafurahi wanapouliza. Anayetaka kazi yake iwe nzuri lazima atake vifaa, na wao watakuja kuongoza wodi vizuri kuliko sisi tulivyoziongoza. Lakini miaka niliyokaa wodini, huku mlimani na kule chini Moshi, imenionyesha kwamba monita haimlindi mgonjwa. Anayemlinda ni mtu aliyepangiwa kuitazama, anayejua afanye nini ikilia, na aliyepewa ruhusa ya kukifanya. Haya ninayoandika yote yanazunguka hapo.

1. Anza zamu kwa kuuliza mashine iko kwa nani, na kwa nini

Usiku mmoja nilipokea zamu wodi ya wanaume. Monita ilikuwa moja, nayo imefungwa kwa mzee aliyelazwa kwa nimonia, ambaye kwa wakati huo alikuwa amepata nafuu, anakula vizuri na kupiga soga na jirani yake. Kwenye kitanda cha mwisho kabisa, karibu na mlango wa choo, alilala bwana wa makamo aliyeletwa jioni akilalamika kwamba tumbo linawaka juu, chini ya kifua. Faili lake lilisema vidonda vya tumbo. Ulikuwa mwezi wa saba, sisi sote tumevaa sweta, lakini yeye paji la uso lilikuwa linachuruzika jasho.

Nikamwendea yule mzee. "Babu, shikamoo. Naomba nikuondolee hizi waya, kuna mwenzako anazihitaji."

"Marahaba, mwanangu. Zichukue tu. Zilikuwa zinaninyima usingizi."

Urahisi wa jambo lile ndio ulionishangaza. Hakuna aliyekataa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameuliza. Mashine ilikaa pale kwa sababu mzee alitangulia kufika. Tulipompima ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, yule bwana wa tumbo, karatasi ilionyesha shambulio la moyo, tena ukuta wa chini wa moyo, ambao maumivu yake hupenda kujificha tumboni.

Sikujua wakati ule kwamba shambulio la moyo kupita bila kutambuliwa lilikuwa jambo la kawaida katika mkoa mzima. Baadaye watafiti wa hospitali ya rufaa ya KCMC na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani waliwafuatilia watu waliofika idara ya dharura pale Moshi wakiwa na maumivu ya kifua au pumzi fupi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na shambulio la moyo, na karibu wote hawakuwa wametambuliwa hivyo. Zaidi ya wanne katika kila kumi ya wenye shambulio walifariki ndani ya siku 30. Tulizoea kufundishana kwamba shambulio la moyo ni ugonjwa wa Wazungu na matajiri wa mjini. Basi mtu mzima akija na tumbo la juu linalowaka, taya linalouma au uchovu wa ghafla, hasa akiwa na kisukari au presha, mpime ECG kabla hujamwandikia dawa ya vidonda. Ikitoka safi na maumivu bado yapo, rudia baada ya robo saa. Karatasi ya kwanza si hukumu.

Kwa hiyo mashine ipangwe upya kila zamu. Mwenye maumivu ya kifua katika saa 24 za kwanza anatangulia. Kisha yule ambaye moyo unakwenda mbio au taratibu mno na anaona kizunguzungu, anayepewa potasiamu kwa dripu, mama mwenye kifafa cha mimba aliye kwenye magnesiamu, na aliyetoka chumba cha upasuaji muda si mrefu. Ikiwa wenye haja ni wengi kuliko mashine, kumbuka kwamba kitanda kilicho mbele ya meza ya muuguzi nacho ni kifaa cha kufuatilia moyo, na hakihitaji umeme. Mhamishe mgonjwa. Nimewahi kusikia watu wakibishana saa nzima kuhusu monita ambayo haipo, huku mgonjwa mahututi amelazwa nyuma ya pazia.

2. Soma herufi, usisome rangi

Hospitali zetu nyingi zina vifaa vya msaada, na misaada hutoka pande mbalimbali. Monita iliyotengenezwa kwa utaratibu wa Ulaya ina waya nyekundu kwa bega la kulia, njano bega la kushoto, kijani chini kushoto, nyeusi chini kulia na nyeupe kifuani. Ya Kimarekani ina nyeupe bega la kulia, nyeusi bega la kushoto, nyekundu chini kushoto, kijani chini kulia na kahawia kifuani. Rangi nne zinajirudia kwenye mashine zote mbili, na hakuna hata moja iliyokaa mahali pale pale. Aliyejifunza kwa wimbo wa rangi chuoni anaweza kufunga waya zote akiwa na uhakika kamili, na zote zikawa zimekosewa.

Nililiona hili kwa tabibu kijana, hodari kweli, aliyeniita akiwa na wasiwasi: mawimbi ya mgonjwa yamepinduka juu chini, naye ameshaanza kujaza fomu ya rufaa. Nikafunua shuka. Waya nyekundu ilikuwa bega la kulia, kama alivyofundishwa, ila kebo ilikuwa ya Kimarekani. Tukazihamisha, mawimbi yakasimama sawasawa, na yule mama kitandani akauliza, "Sasa nimepona?"

Kwenye kila kishikizo cha waya pana herufi ndogo. Za Kimarekani ni RA, LA, LL, RL na V. Za Ulaya ni R, L, F, N na C. Herufi inakuambia waya ni ya wapi, hata kama rangi imefutika kwa spiriti. Tulichora mwili wa mtu kwenye karatasi mbili, kila moja na rangi zake, tukazibandika kwa plasta ubavuni mwa mashine zenyewe. Karatasi ile ilitusaidia kuliko semina tuliyopewa juu ya mashine hizo.

3. Ngozi na baridi

Mwanzoni mwa karne ya 20, Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, alipounda mashine ya kwanza iliyoweza kuandika umeme wa moyo kwa usahihi, mgonjwa alitumbukiza mikono na mguu ndani ya vyombo vya maji ya chumvi. Mashine yenyewe ilikuwa na uzito wa kilo zipatazo 270 na ilihitaji watu watano kuiendesha. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Nawaeleza vijana habari hii kwa sababu ile stika ndogo yenye jeli tunayobandika kifuani leo inafanya kazi ile ile ya maji ya chumvi: inapitisha umeme dhaifu sana kutoka kwenye ngozi. Jeli ikikauka, umebandika karatasi tu. Pakiti ikifunguliwa ikaachwa wazi juu ya kabati mpaka kesho, stika zake hazitakupa kitu cha kuamini.

Huku kwetu watu wanajipaka mafuta, na mgonjwa anayeletwa hospitali hupakwa zaidi, maana ndugu hawataki aonekane ametelekezwa. Stika haishiki. Futa kwa sabuni na maji, kausha kwa kitambaa kikavu, sugua kidogo, ndipo ubandike. Mwenye nywele nyingi kifuani, nyoa sehemu ndogo, na umwombe ruhusa kwanza.

Baridi nayo. Mwezi wa sita na wa saba, ukungu ukishuka Mkuu, mgonjwa anayetetemeka huonekana kwenye kioo kama moyo umepoteza mpangilio kabisa. Ni misuli inayotetemeka, wala si moyo. Hatua ya kwanza ni kumtazama usoni na kumsemesha. Anayekujibu "sijambo" hana moyo uliosimama, hata kioo kiseme nini. Ya pili ni blanketi. Mstari ukiwa mnene, wenye meno madogo yanayolingana, tafuta chaja ya simu iliyochomekwa karibu na kichwa cha kitanda, maana umeme wa ukutani unaingilia. Na kidole kilichopoa kitaifanya mashine ya kupima oksijeni itoe namba ya chini bure. Kipashe moto kiganjani mwako, subiri, soma tena.

4. Mashine inahesabu yake, vidole vinahesabu yake

Kulikuwa na binti wa sekondari aliyelazwa akiwa amevimba miguu, anapumua kwa kukaa, hawezi kulala chali. Valvu za moyo wake ziliharibiwa na homa ya rumatiki, ugonjwa unaoanza na maumivu ya koo ambayo hakuna anayeyashughulikia, miaka ikapita, na moyo ukaja kudai. Monita ilionyesha mapigo yapatayo 150. Kifaa cha kidoleni kilionyesha kama 90. Tabibu akasema kimoja kibovu, akaagiza kibadilishwe.

Vyote viwili vilikuwa vizima. Moyo ulikuwa unapiga bila mpangilio, na mapigo mengine yalikuja mapema mno, kabla chumba hakijajaa damu, kwa hiyo hayakufika mkononi. Monita ilihesabu umeme. Kifaa cha kidoleni kilihesabu damu iliyofika. Tofauti ya 60 ndiyo kazi ambayo moyo ule ulifanya bure kila dakika.

Tangu siku hiyo nimefundisha hivi: watu wawili, saa moja ya mshale, mmoja na stetoskopu kifuani, wa pili na vidole kwenye kifundo cha mkono, wahesabu pamoja dakika nzima. Andika namba zote mbili. Dawa ikianza kufanya kazi utaona zinakaribiana siku hadi siku, na hakuna mashine ya bei yoyote iliyowahi kunipa furaha kama kuona namba mbili hizo zikikutana. Na kama mgonjwa yuko kwenye digoksini, hesabu ya dakika nzima kabla ya kila dozi ni lazima. Mapigo yakiwa chini ya 60, zuia dozi na umwite daktari.

Mapigo haya yasiyo na mpangilio Ulaya ni ugonjwa wa wazee. Kwetu si hivyo. Utafiti uliofanywa wilaya ya Hai, ukachapishwa mwaka 2012, uliwapima wazee 2,232 wenye miaka 70 na zaidi na kuwakuta nayo 15 tu. Basi ukiyakuta kwa kijana wa Rombo, fikiria valvu, mpeleke apimwe moyo kwa picha ya mawimbi ya sauti, na hakikisha anajua tarehe ya sindano yake ya penisilini ya kila mwezi. Binti yule tulimwandikia tarehe kwenye jalada la daftari lake la shule, kwa kuwa kadi ya kliniki hupotea lakini daftari mwalimu hulidai.

5. Kengele bila mpango ni kelele

Hili ndilo linaloniuma kulisimulia. Monita ilikuwa inalia kila dakika chache kwa mama mmoja wa makamo. Mara waya imelegea, mara amegeuka, mara mapigo yamevuka kiwango kilichowekwa kiwandani, ambacho hakikumhusu. Wagonjwa wengine walikuwa hawalali. Nikazima sauti, nikisema moyoni nitakuwa namtupia jicho. Akaletwa mzazi aliyekuwa anatokwa damu, nikaenda kule. Binti wa yule mama, aliyekuwa amebaki naye kumsaidia, ndiye aliyenifuata mbio: "Sista, mama anaitika kwa shida." Kioo kilikuwa kinaonyesha 34, na kilikuwa kimeonyesha hivyo kwa muda, kimya, kama nilivyokiagiza.

Alipewa atropini, akashuka Moshi usiku huo huo, akaishi. Binti yake alinishukuru, na shukrani ile sikuwa na pa kuiweka.

Kinachotakiwa ni kuweka mipaka ya kila mgonjwa unapomfunga waya. Mtu ambaye kawaida yake ni 55 asiwekewe kengele ya 60. Mwenye homa kali asiwekewe ya 100. Rekebisha stika zilizolegea badala ya kunyamazisha sauti. Na ukilazimika kuondoka, mtaje kwa jina mtu atakayebaki anaangalia, naye aitikie. "Mtaangalia" haina mwenyewe.

Lililo kubwa zaidi ni ruhusa. Mwaka 1961 daktari Desmond Julian wa Edinburgh alipendekeza wagonjwa wa shambulio la moyo walazwe pamoja, wafungwe mashine, na wahudumiwe na watu waliofundishwa kuufufua moyo. Mwaka uliofuata wodi kama hizo zilianza kufunguliwa Marekani na kwingineko. Mashine peke yake haikuleta mabadiliko makubwa. Vifo vilipungua sana pale wauguzi waliporuhusiwa kuushtua moyo wenyewe bila kumsubiri daktari aamshwe. Basi kabla daktari hajaenda kulala, kaa naye dakika mbili na faili mkononi. Mapigo yakishuka chini ya ngapi nimpe nini? Yakipanda juu ya ngapi nikupigie? Usipopokea simu, nimpigie nani? Aandike, asaini. Daktari mwenye busara hatachukia. Anayechukia naye muulize, kwa upole, kila usiku, mpaka azoee.

6. Ulizia chakula

Mzee mmoja alikuwa na figo zilizochoka. Mkewe alitembea kutoka kihambani kila jioni na chupa ya chai imejaa mtori wa ndizi, akakaa kumlisha kijiko kwa kijiko. Wodi nzima ilimpenda yule mama. Asubuhi moja nikiangalia kioo niliona mawimbi yale ya mwisho ya kila pigo, ambayo juzi yalikuwa mviringo kama kilele cha Kibo, yamechongoka kama kile cha Mawenzi. Damu ilipopimwa, potasiamu ilikuwa juu sana.

Ndizi ina potasiamu nyingi, na potasiamu huyeyuka kwenye maji ya kuchemshia. Mtori haumwagwi maji, maana utamu wake umo humo humo. Figo nzima huitoa ziada bila shida. Figo iliyochoka huiacha ijikusanye mpaka moyo usimame. Daktari alimpa kalsiamu kwa mshipa ili kuukinga moyo, kisha insulini pamoja na sukari ili potasiamu irudi ndani ya seli, na kabla ya mchana mawimbi yalianza kushuka.

Kumweleza mkewe ndiko kulikokuwa kugumu. Nilimketisha. "Mama, mtori wako ni chakula chema, na wewe umemtunza baba kuliko sisi. Ila figo zake kwa sasa hazimudu ndizi." Alinyamaza kidogo, kisha akauliza ugali na kabichi iliyomwagwa maji inafaa? Inafaa. Kesho yake akaja nao, na akaja na swali la pili, kuhusu parachichi. Nikamwambia parachichi lingoje.

Yuko mwingine kitanda cha jirani, moyo umechoka lakini figo ni nzima, anakojoa sana kwa dawa ya furosemide na kupoteza potasiamu. Huyo ndizi zinamfaa, ila magadi kwenye maharage na chumvi ya kuongeza mezani ndivyo vinavyomrudishia uvimbe. Vitanda viwili, chakula kinyume kabisa, na monita haitakuambia nani kala nini. Pia usingoje mawimbi yachongoke ndipo upime damu. Potasiamu inaweza kupanda huku kioo kikionekana salama.

7. Karatasi iende na mgonjwa

Mgonjwa akipewa rufaa, anashuka Mwika, Marangu, Himo mpaka Moshi, hospitali ya Mawenzi au KCMC. Anayempokea hamjui. Nimewahi kumsindikiza mgonjwa ambaye ECG yake nzuri kabisa ilibaki kwenye droo kwetu, ikabidi kule waanze upya, na wakati huo maumivu yalikuwa yametulia na karatasi mpya haikuonyesha lile tuliloliona sisi.

Siku hizi simu inarahisisha, lakini fanyeni hivi. Karatasi ya ECG ya mashine ndogo huandikwa kwa joto, hivyo ikiachwa juani kwenye dashibodi ya gari au ikikaa miezi ndani ya faili, maandishi yanafifia mpaka hakuna kitu. Toa fotokopi mbili siku hiyo hiyo, moja ibaki, moja iende, na ya asili iende pia. Juu yake andika kwa kalamu jina, umri, saa ilipochukuliwa, na mgonjwa alikuwa anasikia nini wakati ule: maumivu yapo, au yameisha. Andika aspirini amepewa saa ngapi na miligramu ngapi, na kama bado hajapewa, useme kwa nini. Piga simu kabla gari halijaondoka, upate jina la utakayemkabidhi. Monita ya kubebeka ichajiwe mchana, si gari likiwa linanguruma, na betri yake ijaribiwe mara kwa mara kwa kuichomoa ukutani na kuiangalia inadumu kwa muda gani. Ikikufikisha Himo tu, mwambie msimamizi wa vifaa leo, kwa maandishi, na ubaki na nakala.